Pini Kumi na Moja za Kwendea Mjini

"Stesheni kubwa sikanyagi! Inanuka, ina wezi, na zile ngazi zake alizijenga mtu aliyekuwa na ugomvi na magoti ya wenzake. Nitashuka ile ndogo, na maneno yameisha."

Bi Pini aliyasema hayo huku mguu wake ukikanyaga cherehani kwa hasira. Wifi yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni la vyombo kiunoni, akasonya sonyo refu la kuweza kufika kwa jirani.

"Magoti gani, wifi? Juzi tu umepanda juu ya kiti ukaangua pazia kama kima. Hospitali ya macho inatazamana na stesheni kubwa uso kwa uso. Unashuka, unavuka daraja, umefika. Hiyo ndogo yako iko kule kwenye maghala, nusu saa nzima kwa miguu. Wewe unakwenda kutibiwa jicho au unakwenda kufanya mazoezi?"

"Nakwenda ninakotaka."

"Basi ngoja niombe ruhusa kazini nikusindikize."

"Thubutu! Wiki ya mitihani hii, watoto mia mbili wanangoja chakula, wewe unaomba ruhusa? Wakikufukuza tutakula pini hizi?"

"Wewe ushazoea kuzitia mdomoni, huenda zikakushibisha."

Ndivyo walivyokuwa wakizungumza, miaka tisa sasa, tangu kaka yake Bi Pini alipofariki na wanawake hawa wawili wakabaki na nyumba moja, sufuria moja na ndimi mbili kali. Wifi alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Bi Pini alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kadi ya kliniki tu. Mtaa mzima ulimwita Bi Pini kwa sababu ya pini zilizojipanga kwenye ukosi wa gauni lake kutwa kucha, hata msibani.

Safari hii ugomvi ulikuwa na siri ndani yake, nayo haikuhusu magoti wala wezi.

Kadi ya kliniki iliandikwa jicho la kulia. Mtoto wa jicho, daktari alisema, aje atolewe. Hilo wifi alilijua, na mtaa ulilijua. Asilolijua mtu ni kwamba jicho la kushoto nalo lilianza kufuata nyayo za mwenzake tangu mwaka jana. Kwa jicho hilo Bi Pini aliona kama mtu anayechungulia ndani ya maji ya sabuni. Watu aliwatambua kwa mwendo na kwa sauti. Vitambaa alivitambua kwa vidole. Uzi alikuwa akitungiwa na mtoto yeyote aliyepita dirishani, naye akijitia kusema, "Njoo hapa nikuone kama umekua, unaweza kutunga sindano?"

Sasa stesheni kubwa ina majukwaa tisa, mbao za matangazo juu, milango minne, na daraja la kuvukia barabara. Mtu asiyesoma ubao atatokea wapi? Stesheni ndogo ilikuwa na jukwaa moja na mlango mmoja. Tena ukishuka tu, kushoto kwako kuna bomba la chuma la kuegemea, linakupeleka mpaka getini kama mtu aliyekushika mkono. Bi Pini alilijua bomba lile tangu ujana wake, alipokuwa akienda mjini kujifunza ushonaji.

Kwa nini hakusema? Kwa sababu ya sare sitini. Shule ilikuwa imempa kazi ya kushona sare za watoto wapya, na aliyemwombea kazi hiyo kwa mwalimu mkuu ni wifi, kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa ameshashona arobaini na mbili. Neno moja tu likitoka, kwamba fundi haoni, hakuna atakayemletea hata kitambaa cha kupindia. Na nyuma ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine kubwa zaidi. Alimkumbuka shangazi yake, aliyekaa miaka saba kwenye mkeka mmoja, akielekezwa kijiko, akiambiwa "fungua mdomo" na watoto aliowazalisha mama zao. Bi Pini alikuwa akiamka asubuhi, kabla hajafumbua macho, anamwona shangazi yule. Kisha anafumbua polepole, jasho likimtoka, kuhakikisha kama weupe wa dirisha bado upo.

Daktari wa upasuaji alikuja mara moja kila miezi minne. Orodha yake ilifungwa saa tano kamili. Ukikosa, urudi baada ya miezi minne. Bi Pini alishajipigia hesabu yake usiku na mchana: miezi minne kwa jicho la kushoto lilivyokuwa likikimbia ni mkeka.

*

Siku ya safari aliondoka alfajiri na mfuko mmoja, futi ya kupimia shingoni kama kawaida yake, na pesa za hospitali zimeshonewa kwenye pindo la gauni la ndani. Wifi alimsindikiza mpaka kwenye kona.

"Stesheni kubwa, wifi. Nakuomba."

"Ndogo."

"Mungu akulinde na kichwa hicho."

Kwenye dirisha la tiketi kulikuwa na karatasi imebandikwa kiooni. Aliiona kama weupe tu, kama kitambaa cha shuka kilichosahauliwa juani. Aliinama mpaka paji la uso likagusa kioo.

"Mama, unatafuta nini humo ndani?" karani akauliza.

"Nakutazama kama umepiga mswaki. Nipe tiketi."

Watu nyuma yake wakacheka, naye akaondoka na tiketi yake haraka. Akili ya kujificha alikuwa nayo tele.

Na hii ndiyo ilikuwa akili yake ya safari. Mteja wake mmoja, dereva wa gari la mizigo, alikuwa na mazoea ya kupanda treni ile, na Bi Pini alimchimba maneno akimpima suruali. Vituo vya mpaka stesheni ndogo ni kumi na moja. Cha kumi na mbili ndicho stesheni kubwa, mwisho wa reli. Kwa hiyo alichomeka pini kumi na moja upande wa kushoto wa ukosi. Kila treni ikisimama, pini moja inahamia kulia. Pini zikiisha kushoto, anashuka. Fundi aliyezoea kuhesabu vifungo gizani hawezi kupotezwa na vituo.

Alikaa karibu na mlango. Mbele yake alikaa mwanamke mwenye sauti nene na mtoto aliyenuka maziwa.

"Mama, unashuka wapi?"

"Kwangu nakujua."

"Nimeuliza tu."

"Nami nimejibu tu."

Alijutia papo hapo, lakini alishasikia habari nyingi za mabehewa. Mtu akijua huoni, ameshajua na pindo lako. Akaubana mfuko kifuani na kukaa wima kama ubao. Kila treni iliposimama, vidole vyake vilipanda ukosini. Moja. Mbili. Saba. Nane.

Asichokijua ni kwamba kituo cha tisa kilikuwa kimefungwa, wanatengeneza reli, na treni zote zilikuwa zikikipita bila kusimama. Habari hiyo ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ile ya kiooni.

Basi treni iliposimama mara ya kumi, yule mwanamke wa mtoto akashuka, na watu wachache wakashuka, na hewa ya maghala ikaingia na harufu yake ya magunia. Bi Pini alihisi kitu kikimkuna moyoni. Akagusa ukosi. Kushoto bado kuna pini moja. Akaiamini pini. Treni ikaondoka.

Iliposimama tena akahamisha pini ya mwisho, akasimama, akashuka kwa uangalifu, na akanyoosha mkono wa kushoto kulishika bomba lake.

Akashika bega la mtu.

"Vipi, mama?"

Akaurudisha mkono. Akaunyoosha tena, chini kidogo. Sanduku. Kisha nguo ya mtu inayopita. Kisha hewa. Juu ya kichwa chake sauti ya kipaza ilikuwa ikitangaza majukwaa, na ikirudi tena kutoka kwenye paa kubwa kama sauti ya mtu ndani ya pipa. Stesheni ndogo haikuwa na paa. Alijua yuko wapi kabla hajajiambia.

Watu walimpita kulia na kushoto kama maji, wakimgonga kwa mizigo. "Pisha, mama!" "Mama, tembea!" Atembee wapi? Aliona weupe, aliona vivuli vikubwa vikija na kutoweka, aliona kitu cheusi mbele yake asijue kama ni mtu, nguzo au ukingo wa jukwaa na reli chini yake. Alipiga hatua moja ndogo, akaburuza kiatu, akapiga nyingine. Kiatu kikakosa sakafu kwa upana wa kidole. Akaruka nyuma na kugonga nguzo kwa mgongo, akageuka akaikumbatia, na hapo akabaki. Aliibana mpaka pini za ukosini zikawa zinamchoma shingo.

Kipaza sauti kikasema ni saa nne na dakika ishirini. Kikasema tena, saa nne na nusu. Bi Pini aliisikia miezi minne ikimjia, aliusikia na mkeka.

"Mama, hiyo nguzo ni jamaa yako?"

Sauti ya mwanamume, ya kukwaruza, karibu sana. Akaubana mfuko.

"Imekuuma nini?"

"Haijaniuma. Mimi ni mchukuzi hapa. Nimepita na mizigo mara tatu, na mara zote tatu nakukuta umeikumbatia. Hata mke wangu hajawahi kunikumbatia hivyo."

"Labda hunuki vizuri kama nguzo."

Mchukuzi akacheka, lakini hakuondoka. "Unamngoja mtu?"

"Ndiyo."

"Nani?"

Kipaza sauti kikasema ni saa nne na dakika arobaini. Bi Pini alifungua mdomo kutaja mtu wa uongo, kaka, mjomba, yeyote, na jina halikuja. Likaja neno jingine, neno ambalo hakuwahi kulitamka hata peke yake chumbani.

"Sioni."

"Unasema?"

"Sioni, mwanangu! Macho yote mawili. Natakiwa hospitali ya macho kabla ya saa tano, na sijui hata mlango uko wapi. Kama wewe ni mwizi, niibie baada ya kunifikisha."

Bi Pini akamsikia akijifuta mikono kwenye koti. Kisha akasema, "Ngazi ni nyingi, nishike mkono."

"Mkono wa mwanamume nisiyemjua siushiki." Alikuwa anaogopa hata hapo. Akaivua futi shingoni, akampa ncha moja. "Shika hiyo. Ukiiachia nitajua."

Wakaondoka hivyo, mtu mzima wa makamo nyuma ya mchukuzi kama mbuzi anayepelekwa mnadani, futi imekazwa katikati yao. Mchukuzi aliuweka mfuko wa Bi Pini begani na kupaza sauti: "Ngazi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu." Arobaini na mbili kupanda. Juu ya daraja magari yalinguruma chini ya nyayo zao, na upepo ukamsukuma ubavuni, Bi Pini akasimama akalia bila sauti. Futi ikavutwa taratibu, mara mbili. Akaendelea. Arobaini na mbili kushuka.

Katikati ya kushuka, mchukuzi alipoinua mkono kuushika mfuko vizuri, sauti ndogo ya mshono wa koti kuachia ikasikika. Fundi hahitaji macho kuijua sauti hiyo.

"Kwapa hilo limekwenda," Bi Pini akasema, machozi bado shavuni.

"La siku nyingi. Leo limemalizika."

Kwenye geti la hospitali Bi Pini alikumbuka kuwa pesa zake zote zimo kwenye pindo la ndani, na hawezi kujifunua barabarani.

"Pesa iko mahali pabaya," alisema.

Mchukuzi akaelewa, akacheka tena. "Basi usinilipe pesa. Siku ukirudi utanishonea kwapa."

"Nikiona."

"Ukiona," akasema mchukuzi, na sasa hakucheka. Akamwekea ncha ya futi kiganjani. Kengele ya saa tano ilikuwa haijalia.

*

Upasuaji wenyewe Bi Pini hapendi kuusimulia. Husema tu kwamba walimlaza chini ya taa, wakamfunika uso kitambaa chenye tundu, na yeye akatumia muda wote kuukagua upindo wa kitambaa kile kwa kidole gumba, maana akiacha kuukagua angepiga kelele. Upindo ulikuwa mbaya. Muuguzi alimuuliza amekuja na nani, akajibu, "Na futi yangu," wakadhani dawa imempanda kichwani, wakampigia simu wifi.

Wifi alifika kesho yake, bado amevaa aproni ya jikoni. Alisimama kando ya kitanda akihema.

"Yote mawili?" alisema. "Wifi, yote mawili?"

"Nani kakwambia?"

"Daktari! Mtu baki! Mimi ninayekula nawe sahani moja!" Akaanza kulia kwa hasira, akijifuta kwa aproni. "Na sare za watu ulikuwa unazishona kwa macho gani?"

"Kwa vidole."

"Najua kwa vidole. Kaptura kumi na nne zina uzi wa buluu kwenye kitambaa cheusi. Mwalimu mkuu aliniuliza, nikamwambia ndiyo mtindo wa mwaka huu."

Bi Pini aliigeuzia sauti ile bandeji yake. "Ulijua?"

"Nilishuku hata jicho la pili linakuzidi. Nikasema atasema mwenyewe akiacha ujeuri. Nikangoja. Ungekufa njiani ningekuwa bado nangoja."

Bi Pini akapapasa mpaka akaupata mkono wa wifi, unanuka vitunguu, akaushika, na wote wawili wakajifanya hawashikani.

Bandeji ya jicho la kulia ilipotolewa, la kushoto likiwa bado linangoja zamu yake, aliona dirisha, akaona mwanamke amekaa karibu nalo, akaona kuwa mwanamke yule amezeeka, na kwamba ni wifi. Daktari alifurahi. Bi Pini alisema asante, lakini hofu haikutoka. Kuona dirisha ni jambo moja, kuona tundu la sindano ni jambo lingine. Aliporudi nyumbani aliifunika cherehani kwa shuka. Sare zilizobaki alizimaliza fundi wa mtaa wa pili. Wiki sita zilipita na sindano haikushikwa. Kila siku alisema kesho, kwa kuwa maadamu hajajaribu, hakuna aliyeweza kumwambia kuwa ameshindwa.

Siku ya kurudi kliniki, wifi alivaa viatu vya safari bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Leo tushuke ile ndogo yako," alisema kwa upole wa kutia shaka. "Tutembee kidogo kidogo."

"Tutashuka kubwa."

"Haa! Yenye wezi?"

"Nadaiwa pale."

Alishuka stesheni kubwa. Ubao aliuona: majukwaa tisa, herufi za manjano. Ukingo wa jukwaa aliuona, akaona na jinsi kule chini kulivyokuwa mbali. Wachukuzi walikuwa wengi, wote na makoti ya rangi moja, na yeye hakuwahi kuiona sura ya mtu wake. Akaanza kuwapita mmoja mmoja akiwatazama makwapa.

"Wifi, watu watatuelewaje?" wifi akanong'ona.

"Inueni mikono," Bi Pini aliwaambia watatu waliokuwa wamekaa juu ya mkokoteni.

"Kuna nini, mama? Tumeiba?" akasema mmoja, kwa sauti ya kukwaruza.

Bi Pini akasimama mbele yake. Alikuwa kijana kuliko alivyodhani, na masikio makubwa.

"Wewe. Nimekuja kushona."

Kijana akamtazama, akatazama futi shingoni mwake, uso ukamfunguka. "Mama wa nguzo! Unaona?"

"Sijui bado. Vua koti."

"Ah, mama, hilo nimesamehe. Mke wangu ameshaliziba."

Akaligeuza koti. Bi Pini akalishika, akalisogeza kwenye mwanga. "Hii si kushona, hii ni kufunga gunia. Msalimie mke wako, lakini mwambie asirudie."

Akakaa juu ya mkokoteni, akafumua uzi wote. Kisha akatoa sindano na uzi mweusi. Wifi akanyoosha mkono. "Nikutungie?"

"Niache."

Akainua sindano kuelekea kwenye mwanga wa paa. Akaulowanisha uzi. Uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukajikunja kwenye chuma. Wachukuzi wakasogea kutazama, hata wasiojua sababu. Akakata ncha ya uzi kwa meno, akaubana karibu zaidi, akajizuia kupumua, na akaliona: tundu dogo, refu, jembamba, na mwanga umesimama ndani yake. Uzi ukapenya.

Wifi aligeuka akatazama treni.

Alishona mishono midogo, miwili miwili, akarudia juu yake ili ushike. Akampa kijana koti.

"Vaa. Inua mkono. Juu zaidi. Zungusha."

Kijana akauzungusha. Kwapa likatulia. Upande wa pili wa jukwaa abiria mmoja alikuwa akiita mchukuzi. Bi Pini akauvuta mkono wa koti, akakata uzi uliobaki kwa meno, akampiga kofi la mgongo.

"Haya, nenda kazini. Hatudaiani."